Mpishi wa Boti ya Mfereji

Mpishi hakujali sahani zilizorudi jikoni. Wapishi wengi niliowahi kuwaona huchungulia masalio ili wajue kama wamependwa. Yeye alitazama shingo. Alisimama kwenye kidirisha cha jikoni, kitambaa begani, akawakodolea macho wageni waliokuwa wanakula, na alijua kabla yao wenyewe ni nani pilipili imemzidi, nani anameza kwa adabu tu, nani anakula kwa hasira.

"Mudomo inasema bon, c'est délicieux," aliniambia mara ya kwanza nilipomuuliza anatafuta nini. "Mais angalia pale anapomeza."

Nilifanya naye kazi majira ya joto matatu, kwenye boti ya karamu katika mfereji wa Brussels. Zamani boti hiyo ilibeba makaa ya mawe. Mwenye boti aliipaka rangi, akaitundikia taa, akaweka meza, na huko nyuma akajenga chumba cha jikoni cha chuma, chembamba kiasi kwamba watu wawili hawakuweza kupishana bila kusuguana migongo. Jioni zetu ziliitwa jioni za Meksiko. Wageni walipanda saa kumi na mbili jioni jua likiwa bado kali, gitaa na tarumbeta zikaanza, boti ikaondoka taratibu kuelekea Vilvorde, nasi tukaanza kutoa chakula. Huku kulikuwa na muziki na vicheko. Kule jikoni hakuna aliyecheka.

Kila mtu alimwita Maman Chef. Jina lake analo, na wanaomfahamu watamtambua, lakini mimi sina haki ya kuliandika. Nitamwita Mpishi.

Alikuwa mwanamke wa Uvira, mfupi, mwenye mabega mapana, na hakuwahi kufika Meksiko. Mapishi yale alifundishwa na mjane mmoja wa Kimeksiko ambaye Mpishi alikuwa akimtunza mtaani Uccle, katika nyumba yenye bustani kubwa. Mpishi alimwogesha, akamvisha, akamgeuza kitandani. Yule mjane naye alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu katikati ya jikoni na kumwamrisha. Chapati ya kwanza ya mahindi aliyomtengenezea, mjane aliionja, akaitupa kwenye ndoo ya taka bila kusema neno. Ya pili vilevile. "Miaka sita alinitukana," Mpishi alisimulia. "Alipokufa, nikaona hakuna tena muntu wa kunitukana, na chakula yote nilikuwa nayo kwa kichwa."

Kwa wageni alisimulia hadithi nyingine. Mgeni akiusifu mchuzi, Mpishi aliweka mkono kifuani na kusema kwa Kifaransa cha upole kwamba ni mapishi ya nyanya yake. Wazungu walilipenda sana neno hilo. Alipofunga kidirisha alinigeukia: "Koko yangu! Koko yangu alikula majani ya lenga-lenga na ndagala ya ziwa mpaka siku ya mwisho." Na yeye mwenyewe hakula chakula cha boti. Kabla ya wageni kupanda aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akala bugali na samaki aliokuja nao kutoka nyumbani, kwa mkono, kimya, kama mtu anayejiandaa kwenda vitani.

Lakini kwetu sisi aliofanya nasi kazi, uongo aliukataa hata ule mdogo kabisa. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyeajiriwa kukaanga nyama. Jioni moja Mpishi alimuuliza kama kuku ameiva mpaka ndani. Yule bwana akajibu, "Nadhani." Mpishi akazima moto. Akamuuliza tena, akajibiwa vilevile. Boti ilikuwa bado imefungwa gatini. Mpishi akamvua aproni kwa mikono yake mwenyewe na kumwonyesha mlango. "Enda ukadhani nyumbani kwako," akamwambia. Jioni ile tulifanya kazi ya watu watatu tukiwa wawili, na hakulalamika hata mara moja.

Neno lake kubwa lilikuwa "Rudia." Ukimwambia jambo, alikwambia urudie, na wakati unarudia alikutazama. Ukweli hauchoshi kurudiwa, alidai, ila uongo mara ya pili hutoka na sauti tofauti kidogo. Nilimwogopa. Niliogopa hata kukohoa karibu naye.

Na bado ni yeye aliyenisindikiza kwa wakili. Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, na nilifika Ubelgiji nikiwa mtu mzima. Ombi langu la kwanza la kukaa lilikuwa limekataliwa, la pili likawa halijajibiwa, na kule botini sikuwa na mkataba wala karatasi yoyote. Mpishi alilijua hilo. Siku ya miadi alikuja bila kualikwa, akaketi nami kwenye ukumbi wa kungojea karibu asubuhi nzima, na muda wote huo alinisema kuhusu viatu vyangu. Nilipoitwa, alinishika kiwiko. "Usitetemeke. Ukitetemeka watafikiri unadanganya."

Kitu kingine alichokuwa nacho ni hofu ya maji. Mtu aliyekulia kando ya ziwa Tanganyika, na hakujua kuogelea, na hakutaka kuutazama mfereji. Boti ilipoyumba alishika ukingo wa meza na kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini, macho kwenye sufuria. Kila jioni kabla ya kuondoka alipanda kwa kapiteni, Mbelgiji mzee wa Kiflemi mwenye masikio makubwa, na kumuuliza swali lilelile: njiani tunaweza kushukia wapi? Kapiteni alikuwa ameshachoka kucheka. Alimtajia sehemu zote, gati kwa gati, na Mpishi alishuka akizitaja kimoyomoyo.

Sasa nisimulie jioni yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa sita, joto kali, wageni karibu hamsini. Mtu fulani ofisini kwao alikuwa anaagwa. Miongoni mwao kulikuwa na mwanamke mwenye gauni la kijani ambaye, hata kabla ya kuketi, alikuja kwenye kidirisha na kumweleza Mpishi kwamba karanga zinaweza kumuua. Alilisema akitabasamu, kama watu wanavyosema jambo walilolisema mara nyingi. Mpishi hakutabasamu. Akaniita.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Maman."

"Rudia."

Nikarudia. Tulikuwa na michuzi miwili ya pilipili, yote miekundu, yote yenye mafuta juu. Mmoja ulisagwa na karanga, mwingine haukuwa nazo. Sheria ya Mpishi ilikuwa sufuria ya karanga ikae kushoto daima, na mpini wake ufungwe kitambaa. Kwa miaka mitatu sheria hiyo haikuvunjwa.

Niliivunja mimi. Trei ya mahindi ilikuwa tayari kwenye oveni, inaanza kuungua, na sikuona cha kuishikia. Nikafungua kile kitambaa kwenye mpini wa sufuria, nikaitoa trei. Haikuwa na pa kuwekwa. Nikaisogeza sufuria ya karanga upande wa kulia wa ile nyingine ili trei ikae, nikijiambia nitairudisha sasa hivi. Kisha wahudumu wakanipigia kelele za sahani, boti ikapita chini ya daraja na jikoni kukawa giza kidogo, na mkono wangu ukaenda kulia kuchota, kama ulivyozoea. Nilijaza bakuli dogo, nikalipitisha dirishani. "La gauni la kijani," nikasema.

Nikaendelea na kazi. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba niliendelea na kazi nikiwa na furaha kwamba mahindi hayakuungua.

Mpishi alikuwa kwenye kidirisha. Nilimsikia akiacha kuimba.

"Anajikuna shingo," akasema.

Nikachungulia. Yule mwanamke alikuwa anakohoa huku anacheka, mkono kooni, na rafiki yake, kijana wa kiume mwenye miwani, alimpigapiga mgongo na kumsukumia glasi ya maji. Ni pilipili, walikuwa wanasema. Tarumbeta ilikuwa juu kabisa, watu wawili wanacheza kati ya meza. Kisha nikaona midomo yake. Ilikuwa imeanza kuvimba.

Mpishi alitoka, akarudi na lile bakuli mkononi. Yule rafiki alimfuata hadi mlangoni.

"Zaituni. Hii ulichota wapi?"

Nikatazama mkono wangu. Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikatazama sufuria, ile ya kushoto na ile ya kulia, na nikaelewa nilichofanya. Niliona yote kwa pamoja: yule mwanamke sakafuni, polisi, swali la kwanza la polisi, karatasi zangu, ndege ya kurudishwa.

"Kwa sufuria nzuri, Maman. Isiyo na karanga."

"Rudia."

"Haina karanga."

Yule rafiki hakujua Kiswahili. Alimuuliza Mpishi kwa Kifaransa nimesema nini, na nilielewa kwamba jibu hilo ndilo litakaloamua. Kama hakuna karanga, ni pilipili tu. Watampa maji, watamkalisha penye upepo, watangoja. Mpishi alinitazama. Akatumbukiza kidole ndani ya bakuli, akalamba. Uso wake haukubadilika. Akamgeukia yule kijana na kumwambia, polepole, neno moja baada ya jingine:

"Kuna karanga. Ni mimi nimekosea. Dawa yake iko wapi?"

Sindano ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa pamoja na makoti na mikoba mingine yote katika chumba cha mbele. Mpishi alipanda juu ya kiti, mwanamke aliyeogopa hata kuyumba kwa boti, akapiga sufuria kwa mwiko mara tatu. "Arrêtez!" Gitaa likanyamaza, tarumbeta ikamalizikia katikati ya sauti. Akawaambia wageni wote wakae chini, asibaki hata mmoja kwenye njia. Wakakaa. Kijana alikimbia mbele, tukamsikia akimwaga mikoba sakafuni, mmoja baada ya mwingine, funguo na vipodozi vikibingirika. Yule mwanamke sasa hakucheka. Alikuwa anavuta pumzi kwa mlio, kama mlango usiotiwa mafuta, na macho yake yalitafuta mtu wa kumtazama. Mpishi alipiga magoti mbele yake na kumpa macho yake.

"Niangalie mimi. Si wao. Mimi."

Mkoba ukapatikana. Kijana alileta ile kalamu ya sindano, lakini alishindwa kutoa kifuniko. Mpishi akamnyang'anya. Alikuwa ametunza wagonjwa miaka mingi kuliko alivyopika. Akashika paja lile juu ya goti, akaichoma sindano kupitia gauni, akaibana pale, akihesabu kwa sauti.

Juu, kapiteni alikuwa ameshapiga simu, na alikuwa anapiga kelele kwamba hawezi kusimama hapa. Kulia kulikuwa na ukuta wa gati mrefu kuliko boti, na nyuma yake vilima vya vyuma chakavu. Kushoto kiwanda cha saruji. Mpishi akamjibu kutoka sakafuni bila kugeuza kichwa: baada ya daraja, gati ya mchanga, iko na ngazi ya chuma, wewe mwenyewe ulinitajia. Injini ikanguruma.

Dakika zile sitazisimulia kwa urefu. Zilikuwa dakika za watu hamsini waliokaa chini, za mpiga gitaa aliyekumbatia gitaa lake, za Mpishi akirudiarudia "niangalie mimi." Yule mwanamke alianza kupumua vizuri kidogo, halafu vibaya, halafu vizuri. Tulipogusa gati ya mchanga, zimamoto, ambao huko ndio hubeba wagonjwa, walikuwa wamefika. Walishuka ngazi, wakamfunga kwenye machela, wakampandisha. Kabla hajapandishwa alinyoosha mkono na kushika aproni ya Mpishi, akaiachia. Baadaye tulipata habari kwamba alipona na kurudi nyumbani kwake baada ya siku mbili.

Polisi walifika wakati wageni wanapandishwa juu mmoja mmoja. Nilikuwa nimesimama jikoni, siwezi kusogea. Mpishi aliingia, akafunga mlango kwa mgongo.

"Vua aproni."

"Maman, mimi..."

"Vua. Shuka na bale ba muziki. Beba kitu yao moja, usitazame nyuma. Donc, enda."

Nilitoka nikiwa nimebeba sanduku la gitaa, nyuma ya mpiga tarumbeta aliyenipa bila kuuliza swali. Polisi mmoja alinipisha njia kwa heshima. Nilimsikia Mpishi nyuma yangu akianza kumjibu mwenzake: ndiyo, alikuwa peke yake jikoni, ndiyo, yeye ndiye aliyechota, ndiyo, alijua. Yule mama wa "Rudia" alirudia uongo ule mara tatu, na sauti yake haikubadilika hata kidogo.

Alipoteza kazi wiki ile ile. Hakufungwa, ila hakuna boti wala ukumbi uliomwita tena. Matonge nzima, mtaa wetu Waafrika wa Brussels, ilisikia kwamba Maman Chef alitaka kuua mzungu kwa karanga. Nilisikia habari hiyo saluni, nikiwa nasukwa, na sikufungua mdomo. Alinipigia simu mara mbili, sikupokea. Nilijiambia nitampigia nikipata karatasi. Mwaka uliofuata nikazipata, nikajiambia nitampigia nikipata kazi ya maana. Nikapata kazi katika nyumba ya wazee, nikawa namwogesha mtu kama yeye alivyomwogesha mjane wake. Hapo nikaacha kabisa kujiambia kitu.

Ilipita miaka saba tangu jioni ile. Jumapili moja mwaka huu nilikwenda soko la Jette, na kwenye foleni ya kuku wa kuchoma nikamwona. Ameshika fimbo, mabega bado mapana. Kilichonishtua ni kwamba ananunua kuku aliyechomwa na mtu mwingine. Ningeweza kupita. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kugeuka.

"Maman."

Alinitazama bila mshangao. "Ah. Uko hai."

"Niko hai, Maman."

"Karatasi ulipata?"

"Nilipata. Miaka sita sasa."

Alipokea kuku wake, akaweka mfuko vizuri mkononi. "Miaka sita," akasema. "Simu yangu haikubadilika."

Nikaanza kusema pale pale, katikati ya watu na mikokoteni yao, kwamba jioni ile nilimdanganya. Alinikatiza. "Niko na ulimi, mimi. Nilionja." Nikamwomba msamaha. Alifikiri, kwa kweli alifikiri, hakutafuta neno la kunifurahisha. "Ile ya karanga nilikusamehe palepale. Ulikuwa na woga. Ile ya miaka sita, hapana." Kisha akaanza kutembea. "Njo. Kuna muntu inabidi asikie."

Njiani alinieleza kwa maneno machache. Anaishi kwa binti yake, ambaye ni muuguzi. Binti alisoma karatasi za polisi, zenye sahihi ya mama yake. Mwaka uliofuata akapata mtoto, na tangu mtoto aanze kula, Mpishi hajaruhusiwa kugusa chungu. Asikaange hata yai. Binti hakumfokea, alimpokonya mwiko kwa upole, na kila siku akaendelea kumpokonya.

Binti alikuwa mezani na mtoto wa miaka mitano. Alidhani mimi ni mgeni wa kanisani, akanikaribisha. Mpishi alikata kuku, akaweka vipande kwenye sahani, akaketi.

"Huyu ni Zaituni. Tulikuwa naye kwa boti." Akanigeukia. "Sema. Usianzie katikati."

Nilisema. Kitambaa, trei, sufuria, mkono wa kulia. Nilipofika mahali pa kudanganya nilitamani kuruka, na macho ya Mpishi yalikuwa juu yangu, kwa hiyo nikasema na hapo. Binti alisikiliza kama muuguzi, bila kukatiza. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Ulijua ni karanga mbele ya sindano, ama kisha?"

"Kabla."

Hakunitazama tena. Alimgeukia mama yake. "Maman. Nilikukataza hata kupashia mutoto maziwa. Na wewe ulinyamaza tu? Ju ya nini?"

"Ilikuwa haiko yangu ya kusema," Mpishi akajibu. "Nilikuwa nangojea mwenye mambo akuje."

Mtoto alikuwa ameshika paja la kuku, anataka kung'ata. Mama yake alinyoosha mkono, akamwondolea sahani mbele yake, akaisukuma mbali.

"Ngoja," akamwambia. "Koko anapika."

Mpishi hakusimama mara moja. Nilikuwa sijawahi kumwona asijue pa kuweka mikono yake. Kisha akaegemeza fimbo ukutani, akafungua friji, akabaki ameinama mbele yake kwa muda mrefu kuliko mtu anayetafuta kitu.

"Zaituni," akasema bila kugeuka. "Wewe enda sasa. Umesema."

Nikachukua koti langu. Nilikuwa kwenye ngazi, ghorofa moja chini, niliposikia kisu kikianza kukata vitunguu juu ya ubao, kwanza polepole, halafu kwa kasi.